Samaki Aliyekwenda Ukweni

Ramani ya rubani ilikuwa imetandazwa juu ya pipa la mafuta, na Inspekta Chirau alikuwa ameipima kwa rula mara tatu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuonekana mjinga mara moja hapendi kuonekana tena. Mara zote tatu rula ilisema neno lile lile. Kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda, ambao mwaka ule wa pili wa uhuru ulikuwa ukanda wa majani uliofyekwa kati ya minazi na banda moja la mabati, mpaka uwanja wa Kitsapuni huko bara kavu ya Waduruma, zilikuwa maili arobaini na moja. Ndege ya injini moja ilizimaliza kwa dakika ishirini na tano.

Akauliza kwa gari je. Bwana Tomlin, Mzungu aliyerusha ndege ile ya kupeleka dawa za ng'ombe kila Alhamisi, alicheka kidogo. Kwa gari, alisema, hakuna kukata moja kwa moja, maana msitu wa Shimba na makorongo yake hayana huruma na magurudumu. Mtu hushuka Msambweni, akapita Ramisi, akafika mpakani Lunga Lunga, maili arobaini na tano. Kisha ndipo ageukie bara kwa njia ya ng'ombe, maili hamsini na mbili nyingine. Jumla tisini na saba, saa tano barabarani ikiwa Mungu yu radhi.

"Na Alhamisi ile hukubeba mtu?"

"Dawa ya ng'ombe tu, Inspekta. Kubeba abiria nimekatazwa."

Kando ya mstari wa kalamu uliounganisha viwanja viwili palikuwa na doa la hudhurungi, na katikati ya doa kilinata kitu kidogo cheupe, mfano wa ukucha wa mtoto. Chirau alikigusa kwa ncha ya kidole. Rubani akaikunja ramani upesi kuliko ilivyohitajika, akasema jua linakuchwa.

Chirau hakubisha. Alimwambia tu kwamba polisi wataikodi ndege yake kesho saa tatu asubuhi, imchukue Koplo Salimu na pakacha moja, basi. Rubani alitaka kuuliza pakacha la nini, akaona afadhali asiulize.

Usiku ule Chirau alilala vibaya, na alikuwa na haki ya kulala vibaya. Katika mahabusu ya kituo cha Ukunda alikuwamo Kitsao, mlinzi wa ofisi ya ardhi ya Diani, jirani na Ukunda, ambaye siku nane nyuma, Alhamisi saa mbili na nusu za asubuhi, alikutwa peke yake na maiti ya karani Garama. Garama alikuwa amepigwa chuma kichwani, na daftari la majina ya wenye mashamba halikuonekana. Kitsao alieleza tangu dakika ya kwanza kwamba alimwona Bwana Chome, mfanyabiashara wa mbao, akitokea mlango wa nyuma na daftari kwapani. Kila mtu alijua kwamba Chome alikuwa amemsumbua Garama miezi mitatu aandike mashamba ya watu kwa jina lake, na Garama akakataa.

Lakini Chome alikuwa na ngao, na ngao yake ilikuwa barabara. Nusu ya kijiji cha Kitsapuni ilikuwa tayari kuapa kwamba saa nne ya asubuhi ile ile alikuwa ukweni kwake, amejaa vumbi, akishuka katika Landrova yake pamoja na dereva wake Rai. Mtu aliyefika Kitsapuni saa nne aliondoka Ukunda saa kumi na moja alfajiri. Hawezi kuua Diani saa mbili na nusu. Basi Kitsao ni mwongo, na mwongo aliyekutwa na maiti hujulikana mwisho wake.

Chirau mwenyewe ndiye aliyeandika maelezo ya Kitsao, na ndiye aliyeandika pembeni, kwa wino mwekundu, maneno mawili: si kweli. Alikuwa na miezi minne tu katika kiti kilichoachwa na Mzungu, na alitaka kesi yake ya kwanza iishe haraka. Sasa wino ule ulikuwa ukimwasha. Kesho saa sita mchana lori la mahabusu lingempeleka Kitsao Mombasa, na mkubwa wake wa Kwale alikuwa amemwambia wazi kwamba likishavuka Likoni, kesi si yao tena.

Kilichomfungua macho ni mdomo wa mama mkwe. Siku tatu nyuma alikwenda Kitsapuni kwa gari, ili akamilishe faili na kuifunga, akamkuta Mbodze, mama yake mke wa Chome, mjane mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Mama yule alimhakikishia saa, alimhakikishia vumbi, kisha kwa fahari ya mama aliyepata mkwe mwema akamsimulia zawadi. Ukweni hakwendwi mikono mitupu, na mkwewe alimletea samaki. Si ng'onda, samaki mkavu wa chumvi wanayemjua watu wa bara. Samaki mbichi, ambaye alipomwinua shavu alimkuta na damu nyekundu inayochuruzika. Aliwaita majirani waje waone, maana hakuna aliyejua kwamba samaki ana damu.

Chirau aliandika neno hilo kwenye daftari lake bila kulifikiri. Alipokuwa njiani kurudi, maili ya thelathini, mgongo ukimuuma na joto la kiangazi likimpika ndani ya gari, ndipo alipolifikiri. Alimwambia dereva asimamishe gari, akatoka, akacheka peke yake katikati ya nyika.

*

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumamosi, Landrova ya Chome iliondoka Ukunda. Chirau alikuwa ameomba kwa adabu zote kwamba Bwana Chome amwonyeshe safari yake kama alivyoifanya, kwa gari lile lile na dereva yule yule, asije mtu akasema polisi waliendesha kikobe. Chome alikubali kwa furaha. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye saa ya dhahabu na tabasamu la kumpa kila mtu, na alijua kwamba jioni ya siku ile Kitsao angekuwa Mombasa.

Walipofika Mwabungo Chirau alishuka, akanunua changu mmoja kwa wavuvi wa usiku, angali akitikisa mkia. Akamtia katika pakacha la makuti mabichi, akaliweka miguuni pa Chome.

"La nini hili?" Chome aliuliza.

"La mama mkwe wako. Nisikupeleke ukweni mikono mitupu, nikakuvunjia heshima."

Tabasamu la Chome lilibaki mahali pake, ila macho hayakuwa nalo tena. Kutoka hapo mpaka Msambweni hakusema neno, na mpaka Ramisi hakusema. Rai, dereva, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa, aliendesha akitazama mbele kama mtu anayeogopa kioo.

Walifika Lunga Lunga saa moja. Hapo Chome akapata ulimi. Alisema sasa anakumbuka, hapa ndipo aliponunua samaki wake Alhamisi ile, kwa wavuvi wa Jego huko pwani, saa moja hii hii. Ndiyo maana samaki alifika akiwa na hali nzuri.

Lilikuwa jibu zuri, na Chirau alilipa heshima yake. Alishuka, akamwomba Chome ashuke naye, wakaenda pamoja mahali pa soko. Palikuwa na nyanya, palikuwa na tumbaku, palikuwa na fungu la ng'onda lililolaliwa na paka. Mwanamke mmoja aitwaye Chiku alikuwa akifagia mbele ya meza tupu yenye magamba makavu. Chirau akamwamkia, akamuuliza samaki mbichi wa Jego yuko wapi.

"Wa Jego?" Chiku aliegemea ufagio. "Bwana, wa Jego huja kwa baiskeli. Mpaka avuliwe, mpaka apandishwe, huwa watu wamekwisha kusali adhuhuri. Njoo saa saba."

"Na Alhamisi ya wiki iliyopita?"

"Alhamisi, Ijumaa, mwaka jana, mwaka juzi. Asubuhi hapa ni ng'onda."

Chirau akamshukuru. Chome alisema labda ilikuwa kwa mtu mwingine, njiani, hakumbuki vizuri. Chirau akasema hapana neno, mtu husahau, akamfungulia mlango wa gari kama anavyofunguliwa bwana harusi.

Kutoka Lunga Lunga njia ilikuwa mawe na vumbi, na jua lilikuwa limeamka kweli kweli. Maili ya sitini, pakacha lilianza kutoa habari zake. Maili ya sabini nzi waliingia dirishani, wakakaribia miguu ya Chome kwa upendo mkubwa. Aliomba samaki atupwe. Chirau akasema zawadi ya mtu haitupwi. Maili ya themanini Rai alitoa kichwa nje ya dirisha akaendesha hivyo hivyo, na Chirau, aliyekuwa amejiziba pua kwa leso, alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata katika kazi hii.

*

Waliingia Kitsapuni saa nne kasoro dakika tano. Uwanja ulikuwa kipande cha ardhi nyekundu kilichochongwa zamani na Wazungu wapima miamba, na maili tatu zaidi ulikuwepo mji wa Mbodze, yaani boma lake. Lakini Chirau alikuwa amepeleka salamu mapema, na Mbodze na majirani zake kumi walikuwa wamekuja wenyewe, wamekaa juu ya mikeka kivulini mwa bawa la ndege. Ndege ilikuwa imetua nusu saa kabla. Koplo Salimu alisimama kando yake, sare imenyooka, pakacha mkononi. Alimnunua changu wake saa mbili na nusu, Mwabungo pale pale.

Majirani walikuwa wamevaa vizuri. Walikuja kumtetea mkwe wao, na walikwisha kujipanga upande wa Landrova ili watu waone wako upande gani. Mbodze alikaa ameupa mgongo upande aliosimama Chome na kanga imefunika nusu ya uso, kama heshima inavyotaka. Tangu ndoa ile, miaka saba, hawakuwahi kutazamana.

Chirau akamwamkia shikamoo, akauliza hali ya mifugo, hali ya mvua isiyokuja, hali ya majirani. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaweka mapakacha mawili mbele yake.

"Mama, ndani mna changu wawili. Wote wamevuliwa Mwabungo leo. Mmoja amekuja na sisi kwa barabara, njia ya mkweo. Mwingine amekuja na ndege. Nataka unionyeshe ni yupi aliye sawa na yule uliyeletewa Alhamisi ile."

Mbodze alifunua la kwanza. Nzi walipaa, na mwanamke aliyekaa karibu naye akasogea na mkeka wake. Mbodze alilifunika upesi, akajipangusa vidole mchangani. Alipofunua la pili, kwa kidole kimoja akainua shavu la samaki, na matamvua yakaonekana mekundu, mabichi, na tone la damu likamshukia mkononi.

"Huyu," alisema. "Huyu ni ndugu yake yule."

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, mimi ni mtu wa ng'onda. Siku ile ndipo nilipojua samaki ana damu. Waulize hawa, nao waliona, nao walikula."

Majirani wakaitikia wote, kila mmoja akiwa na la kuongeza juu ya utamu wa mchuzi. Walidhani wanamsaidia Chome. Chirau alimtazama Chome na kuona kwamba yeye amekwisha kuelewa, na kwamba anahesabu. Mtu huyu alikuwa na njia mbili tu. Akubali maneno ya mama mkwe, na kamba imfuate, au ayakatae mbele ya watu.

Chome alikohoa. "Mama amesahau," alisema. "Samaki wangu alikuwa ameharibika. Alikuwa kama huyu wa kwanza. Mama aliona haya kusema, kwa kunisitiri."

Kisha Mbodze, ambaye kwa miaka saba hakumwonyesha uso, aligeuka juu ya mkeka wake akamtazama mkwewe usoni.

"Uliniletea uvundo," aliuliza taratibu, "nami nikawalisha watu?"

Mzee mmoja miongoni mwa majirani akainuka, akaukunja mkeka wake, akaenda kuutandika upande wa pili, karibu na Koplo Salimu. Mwanamke mwingine akamfuata. Halafu wote wakahama, kimya kimya, mpaka upande wa Landrova ukabaki na Chome peke yake na pakacha lake.

Chirau akamgeukia rubani. Hakumuuliza neno, alinyoosha mkono tu. Bwana Tomlin aliingia ndani ya ndege, akatoka na ramani, akaitandaza juu ya bawa. Kando ya doa kuukuu la hudhurungi palikuwa na doa jipya, bichi, na gamba jeupe limenata katikati yake. Koplo Salimu alikuwa amelishika pakacha lake mapajani, pale pale ramani inapowekwa.

"Nilimchukua," rubani alisema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. "Saa tatu asubuhi. Alisema mama mkwe mgonjwa sana. Niliogopa leseni yangu, Inspekta. Sikujua mambo ya mtu kufa mpaka baadaye, na baadaye niliogopa zaidi."

Uoga wake ulikuwa umemkalisha mtu asiye na hatia mahabusu siku tisa, na Chirau alimwambia hivyo, akamwambia pia kwamba atayarudia maneno hayo mbele ya hakimu. Rubani aliinamisha kichwa.

Rai alikuwa amekaa juu ya bampa ya Landrova, mikono yake mikubwa imening'inia. Alianza kusema kabla hajaulizwa. Alikuja na gari peke yake siku ya Jumatano, akalala chini ya gari hapa hapa uwanjani, akimngojea bwana wake ashuke kwa ndege. Ndipo alipopewa gunia, akaambiwa alitie moto na kilichomo.

"Na ulilitia?"

"Ndani mna daftari, afande. Lina majina ya watu na mashamba yao. Jina la babangu limo. Mkono ulikataa." Akaenda kwenye mlango wa mbele, akainua kiti, akatoa gunia.

Ni kiti kile kile ambacho Inspekta Chirau alikuwa amekikalia maili tisini na saba. Koplo Salimu, ambaye alikuwa na nidhamu kubwa, aligeuka kutazama minyaa ya mbali mpaka mabega yake yalipotulia.

*

Ilikuwa saa tano na dakika tano. Lori la mahabusu lingeondoka Ukunda saa sita, na Kitsapuni haikuwa na simu. Kwa barabara Chirau angefika saa kumi, Kitsao akiwa amekwisha kuvuka Likoni. Lakini barabara ilikuwa imefanya kazi yake kwa siku ile. Sasa ilikuwa zamu ya zile maili arobaini na moja.

Alimtia Chome pingu, akamkabidhi kwa Koplo Salimu na Rai wamrudishe kwa njia aliyoapa kwamba ndiyo yake. Vielelezo viwili vingesafiri naye, gunia mikononi mwa koplo na pakacha la kwanza pale lilipokuwa, miguuni pa Chome. Chome aliuliza, kwa sauti iliyokwisha nguvu, kama samaki huyo ni lazima. Chirau akamwambia ni ushahidi.

Kisha akamwendea Mbodze, akataka kusema pole, maana alikuwa amemtumia mama wa watu kumnasa mkwewe. Mbodze hakumpa nafasi. Alimwambia aende, kuna mwana wa mama mwingine huko anayengoja. Changu wa pili alibaki naye, na majirani walikuwa wakibishana jinsi ya kumpika.

Chirau hakuwahi kupanda ndege. Alishika kiti kwa mikono yote miwili, akaona chini yake nyika, makorongo, msitu wa Shimba mweusi, na yale yote yaliyomvunja mgongo yakipita kimya kama kitambaa kinachovutwa mezani. Dakika ya ishirini na nne aliona minazi. Walipotua alitoka mbio bila kuaga, akaazima baiskeli ya muuza maziwa, akapiga pedali mpaka kituoni.

Lori lilikuwa linanguruma uani. Kitsao alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya ngazi yake, pingu mikononi, na Dama, mkewe, aliyemletea chakula siku zote tisa, alikuwa ameshika shina la mkorosho asianguke.

"Mshusheni," Chirau alisema. Pumzi haikutosha kwa neno jingine.

Walimfungua pingu ndani ya ofisi. Chirau alitoa faili, akaifungua mezani mbele ya mume na mke, akachukua kalamu. Kitsao hakujua kusoma, lakini aliona pale wino mwekundu ulipokuwa, akauliza pameandikwa nini.

Chirau angeweza kumwambia lolote. "Pameandikwa kwamba ulisema uongo," alimwambia. "Nimeandika mimi. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, nami sikukusikiliza. Nisamehe."

Kitsao aliutazama wino ule, akisugua alama za pingu. Dama aliweka bakuli la wali mezani, juu ya karatasi za serikali, akalifunua.

"Basi futa vizuri," Kitsao alisema, akanawa mikono.

Chirau akafuta vizuri.